Mawe ya tangi yamejaa vumbi: usiyatoe, usiyaanike

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Niko Mikindani, Mtwara. Mgeni aliyehama aliniachia tangi la lita 300 la maji ya bahari, lina mawe hai, matumbawe laini machache na samaki wanne. Mawe yamefunikwa na vumbi la kijivu, kila nikiyagusa maji yanachafuka hata samaki siwaoni. Maji nayachota ufukweni hapa hapa, na samaki nawalisha dagaa wa kusaga. Fundi mmoja amenishauri niyatoe mawe yote, niyasugue kwa maji ya bomba, niyaanike juani siku mbili, halafu niyarudishe. Nimfuate? Na nikitaka mawe mengine, naweza kwenda kuchukua Msimbati?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kama umeshatoa beseni na brashi, virudishe stoo. Mawe hayo hayaguswi na maji ya bomba, hayasuguliwi yote kwa mkupuo mmoja, wala hayaanikwi. Vumbi unaloliona linaondoka mawe yakiwa humo humo ndani ya tangi, na kazi yenyewe haihitaji kifaa cha gharama. Lakini acha kwanza nikueleze ushauri wa fundi wako ungekuletea nini, maana ni ushauri unaozunguka sana na unaua samaki wengi wa watu.

Jiwe hai ni mifupa ya matumbawe yaliyokufa zamani. Ni chokaa yenye matundu kuanzia juu hadi katikati, na thamani yake yote imo kwa wanaoishi ndani ya matundu hayo. Samaki wako wanatoa amonia kupitia matamvua usiku na mchana, na chakula kinachooza kinaongeza nyingine. Amonia ni sumu. Kwenye tabaka la nje la jiwe, penye oksijeni, wamo bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia zaidi. Ndani kabisa, oksijeni isikofika, wako bakteria wa aina nyingine wanaoivunja nitrati hadi ikawa gesi ya naitrojeni, inayopanda na kutoka majini. Katika tangi lako hao ndio wanaowaweka samaki hai. Pamoja nao kuna minyoo, sifongo, na vidudu vidogo jamii ya kamba ambavyo ukizima taa usiku na kumulika tochi utaviona vikikimbia juu ya mawe.

Sasa mwagia jiwe hilo maji ya bomba. Chumvi inatoweka ghafla, viumbe waliozoea bahari wanavimba kwa maji yanayowaingia, na klorini ikiwamo inamalizia waliobaki. Jua la siku mbili linakausha hata wa katikati. Kisha unalirudisha tangini jiwe lililojaa maiti. Vyote vilivyokufa mle vinaanza kuoza, amonia inapanda, na bakteria waliopaswa kuila ndio hao uliowaua. Tangi jipya la bahari huchukua kwa kawaida wiki nne hadi sita kukomaa kabla ya kuingizwa samaki. Wewe ungekuwa na tangi jipya ambalo samaki wamo tayari.

Na kwa kuwa wanaoshauri kuanika mara nyingi hushauri pia kuchemsha, naomba hili ulishike sana: jiwe hai halichemshwi, kamwe. Juu ya mawe mengi huota vijumbawe laini vya jamii ya Palythoa, vinavyofanana na vifungo vilivyopangwa karibu karibu. Baadhi yao wana palitoksini, moja ya sumu kali kuliko zote zinazotokana na viumbe wa bahari. Ukivichemsha, au hata ukivisugua kwa nguvu nje ya maji, sumu inaweza kupanda na mvuke au kuruka na matone. Watu wa nyumba nzima wamewahi kulazwa hospitali kwa sababu mtu mmoja alichemsha mawe jikoni. Ndiyo maana hata kazi ya kawaida ya tangi nasisitiza ufanye ukiwa umevaa glavu, na kama una kidonda mkononi isubiri kipone.

Tuje kwenye vumbi lako.

Sehemu yake kubwa ni kinyesi cha samaki, chakula kilichosagika, mabaki ya mwani uliokufa, na makundi ya bakteria yaliyoshikamana na vyote hivyo. Lakini si vumbi lote ni dalili mbaya. Tazama lilivyokaa. Ukiona vilima vidogo vidogo vya unga chini ya jiwe, au mbele ya kitundu, hiyo ni kazi ya minyoo na wenzao: wanasukuma nje uchafu uliokuwa ndani ya matundu. Jiwe linalojisafisha hivyo ni jiwe zima, wewe unachotakiwa ni kuzoa kilichotolewa. Vumbi la kusumbua ni lile linalotanda juu ya jiwe na kukaa, sawa kila mahali, hasa upande wa nyuma ambako huoni vizuri. Hilo linasema maji hayapiti hapo. Likikaa muda mrefu linaziba matundu, oksijeni haiingii, bakteria wa tabaka la nje wanapungua, na ule mwani wa chokaa wa rangi ya waridi na zambarau unaopamba mawe unakosa mwanga na kufa. Halafu uchafu wenyewe unaendelea kuoza na kutoa nitrati na fosfeti kidogo kidogo, ndipo unapoona mwani wa nyuzi nyuzi unaota na huelewi umetoka wapi.

Kwenye mwamba wa bahari kazi ya kufagia inafanywa na bahari yenyewe. Pwani yetu ya kusini iko karibu na mahali ambapo mkondo mkubwa wa Ikweta ya Kusini, unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki, unagonga bara la Afrika na kugawanyika, tawi moja likipanda kaskazini kando ya Tanzania na Kenya. Ongeza bamvua, ambapo tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa kwetu inazidi mita 3, na mawimbi ya upepo wa kusi. Jiwe la baharini halipati nafasi ya kulala na vumbi. Pale linapopata nafasi hiyo madhara yanaonekana: sehemu za miamba yetu zilizovunjwa kwa baruti zimebaki vifusi vinavyoviringika na kushika mchanga, na mabuu ya matumbawe, ambayo yanahitaji sehemu ngumu na safi ya kushikilia, hayapati pa kuanzia. Tangi lako lina tatizo hilo hilo kwa udogo wake. Halina bamvua wala kusi, una pampu na mkono wako tu.

Basi nianze na pampu, maana ukisafisha leo bila kugusa mwendo wa maji, wiki mbili zijazo utaniandikia tena. Tangi la matumbawe linahitaji maji yazungushwe angalau mara 20 ya ujazo wake kwa saa. Matumbawe magumu yanataka zaidi, mengi ya matumbawe laini yanaridhika na hapo. Kwa lita 300 hiyo ni lita 6,000 kwa saa. Soma kibandiko cha pampu yako. Nina hakika kiasi kuwa una pampu moja tu, na imeelekezwa mbele ili maji yaonekane yanacheza. Ukiweza, weka mbili ndogo badala ya moja kubwa, kila moja kwenye pembe yake, mikondo yake igongane katikati, na mojawapo ipite nyuma ya mawe. Kisha angalia mawe yalivyopangwa. Watu wengi huyalundika kama ukuta unaoegemea kioo cha nyuma, na huko nyuma ndiko uchafu unakohamia. Acha nafasi ya kiganja kati ya mawe na kioo. Mawe ya chini yasilale tumbo zima kwenye mchanga. Yainue kwa vipande vifupi vya bomba la plastiki la maji vilivyokatwa na kuoshwa, maji yapite chini yake. Kupanga upya kunachosha na samaki watanuna siku moja, lakini hakuna kitu kingine kitakachokupunguzia kazi kiasi hicho.

Jambo la pili ni maji unayochota. Ghuba ya Mikindani ni nzuri kwa macho na kwa vyombo, ila kwa tangi la matumbawe si mahali pa kuchota. Imezungukwa na nchi karibu pande zote, ina mikoko na tope laini, na mvua zetu za kusini zikianza Novemba au Desemba hadi Aprili, maji matamu yanashuka humo na udongo wake. Inawezekana kabisa kwamba sehemu ya vumbi lako umelibeba mwenyewe ndani ya madumu. Nenda Shangani, Mtwara mjini, upande unaotazama bahari wazi, ni kilomita kama kumi tu kutoka kwako. Nenda maji yakiwa yamejaa kabisa, dakika chache kabla hayajaanza kupwa, kwa sababu wakati huo unachota maji yaliyoingia kutoka nje. Maji yanayotoka yanakuwa yameshapita kwenye tope na majani ya bahari. Mimi napendelea siku za maji mafu, mikondo inapokuwa dhaifu na haijachafua chini. Ukikuta kusi limechacha na mawimbi yanapiga mchanga, rudi nyumbani. Baada ya mvua kubwa subiri siku kadhaa, na usichote kabla ya kupima chumvi. Bahari yetu ya wazi iko karibu gramu 35 za chumvi kwa kilo moja ya maji, ambayo kwenye hidromita, kile kipimo cha chumvi kinachoelea majini, ni takriban 1.025 au 1.026. Ukisoma 1.020, umechota mvua.

Maji hayo hayaingii tangini siku hiyo hiyo. Yaweke kwenye pipa la plastiki la chakula, lenye kifuniko, penye kivuli, na jiwe la hewa, yaani kile kijiwe cha kutoa mapovu kinachofungwa kwenye mpira wa pampu ya hewa, likipuliza kwa upole mbali na chini. Kabla ya kuyatumia zima hewa usiku mmoja udongo utuame, asubuhi vuta maji ya juu kwa mpira, yapite kwenye kitambaa kizito, na sentimita 10 za chini mwagia nje bila huruma. Hata maji yaliyoonekana maangavu utakuta yameacha matope chini ya pipa.

Maji ya kujazia yanayopungua kwa joto ni habari nyingine, nayo naigusa tu. Kinachopanda hewani ni maji matamu, chumvi inabaki, kwa hiyo jazia maji matamu. Maji ya kisima yana madini mengi, na maji ya mvua yaliyopita juu ya bati yanaweza kuwa na zinki, ambayo konokono na matumbawe hawaivumilii. Nunua maji yaliyochujwa kwa mtambo wa chujio la utando. Yanauzwa kwa madumu mjini.

Kisha dagaa. Dagaa ni chakula kizuri cha samaki, tatizo ni kusaga. Unga wa dagaa ukiingia majini samaki wanakamata robo, uliobaki unakwenda moja kwa moja kwenye matundu ya mawe, tena ukiwa na mafuta. Acha kusaga. Chukua kamba au samaki mbichi, katakata vipande vinavyoingia kinywani mwa samaki wako, suuza kwenye chujio la chai hadi maji yatoke meupe, ndipo utie. Samaki wanne wanahitaji kidogo kuliko huruma yako inavyokuambia: kinacholiwa ndani ya dakika mbili. Ukiona kipande kinafika mchangani bila kuguswa, umezidisha.

Sasa kazi yenyewe. Unahitaji sirinji kubwa isiyo na sindano, ile ya mililita 60 inayopatikana duka la dawa za binadamu au za mifugo. Mpira mwembamba wa kufyonzea, kipenyo cha ndani kama sentimita moja na kidogo. Ndoo mbili za lita 20 ambazo hazijawahi kuguswa na sabuni. Na lita 45 za maji ya bahari yaliyoandaliwa kama nilivyosema, yenye joto na chumvi sawa na ya tangi. Mtafute mtu wa kukusaidia, kwa sababu siri yote ya kazi hii ni kuwa vumbi linaondoka tangini wakati likiwa linaelea. Kulipuliza na kuliacha litue tena ni kufagia nyumba na kuacha takataka nyuma ya mlango.

Fanya kazi hiyo taa za tangi zikiwa zimewaka saa mbili tatu. Usifanye alfajiri. Usiku mzima mwani hautengenezi oksijeni na kila kiumbe kinaitumia, hivyo alfajiri ndiyo saa ambayo maji yana oksijeni kidogo kuliko saa zote, na uchafu ukitimuliwa bakteria wake wanakula nyingine. Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, ongeza tahadhari. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 25 yanaweza kubeba karibu miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita, yakifika nyuzi 30 ni karibu 6.2. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi, ila samaki aliyebanwa kwenye kona anaijua. Kama chumba chako kina joto, elekeza feni juu ya maji wakati wote wa kazi, uso wa maji utikisike.

Anza juu, shuka chini. Vuta maji ya tangi kwenye sirinji, lenga ncha yake sentimita mbili tatu kutoka kwenye jiwe, sukuma kwa mkupuo mfupi. Vumbi litatoka kama wingu. Mwenzako awe ameshika mdomo wa mpira pale pale wingu linapotokea, alifyonze liingie ndoo. Nendeni upande mmoja hadi mwingine, msirukeruke. Penye kitundu, ingiza maji kwa pembe ili yatokee upande wa pili. Maji yakiingia moja kwa moja yanaurudisha uchafu ndani zaidi. Matumbawe yenyewe usiyapige; yapepee kutoka mbali, yatajikunja kidogo na kufunguka tena. Minyoo yenye singa nyeupe pembeni ikitoka kukimbia iache, inakula mabaki, ila usiishike kwa mkono mtupu, singa zake zinachoma na kuwasha.

Ndoo mbili zikijaa, simama. Hata kama bado kuna vumbi. Hapo umetoa lita 40, kama asilimia 13 ya maji, na hicho ni kiwango ambacho tangi linakimudu. Rudisha maji mapya taratibu. Vumbi lililobaki likielea litashikwa na sponji au soksi ya chujio. Saa moja baadaye itoe uifue kwa maji uliyofyonza, maana sponji iliyojaa uchafu na kuachwa ndani ya mkondo inaendelea kuuyeyusha majini. Siku za kawaida pia soksi hiyo haikai zaidi ya siku tatu. Kama tangi lako lilikuja na mashine ya kutoa povu, ile inayonasa uchafu kwa mapovu na kuukusanya kwenye kikombe, iache ikifanya kazi. Siku hiyo itatoa kikombe kichafu kuliko kawaida.

Kwa tangi lililokaa bila kuguswa kama lako, safisha theluthi moja ya mawe kwa wiki. Wiki ya kwanza upande wa kulia, ya pili katikati, ya tatu kushoto, na mchanga hivyo hivyo, ukifyonza sentimita moja ya juu tu. Najua ungependa limalizike Jumamosi moja. Lakini uchafu wa miezi ukiutimua wote kwa siku moja, unamwaga majini kwa mkupuo kila kilichokuwa kimelala: amonia, fosfeti na bakteria wenye njaa ya oksijeni. Kesho yake baada ya kila usafishaji pima amonia. Inatakiwa isomeke sifuri. Ikisoma chochote, badilisha maji asilimia 10 hadi 15, punguza chakula nusu, na usiguse mawe hadi irudi sifuri.

Ipo harufu moja ya kuihofia. Ukipuliza chini ya jiwe au kwenye mchanga mzito ukanusa yai viza, na mchanga wa hapo ni mweusi, umefikia mahali ambapo oksijeni ilishaisha na kuna gesi ya haidrojeni salfaidi, ambayo inaua samaki kwa kiasi kidogo sana. Acha hapo hapo. Ongeza hewa, weka mkaa maalumu wa chujio ndani ya mfuko wenye maji yanayopita, mkaa wa jikoni haufai, na eneo hilo ulirudie kidogo kidogo katika wiki zinazofuata, kwa kufyonza bila kupuliza.

Kuna jiwe moja moja ambalo sirinji haitaliweza, limeziba kabisa au limevaa mwani mnene. Hilo unaweza kulitoa, peke yake. Jaza ndoo mbili maji uliyoyatoa tangini siku hiyo. Ndani ya ndoo ya kwanza litikise kwa nguvu juu chini, ligeuze, tikisa tena. Utashangaa kinachobaki chini. Mwani usugue kwa mswaki laini, jiwe likiwa ndani ya maji muda wote. Suuza ndoo ya pili, rudisha tangini kwa upande ule ule lililokuwa limekaa, kwa sababu walioota gizani hawapendi kuamkia kwenye mwanga. Kama lina sifongo juu yake usilitoe majini hata kidogo, lihamishe ndani ya ndoo iliyozamishwa tangini. Hewa ikinasa kwenye matundu ya sifongo haitoki, na sehemu hiyo inaoza.

Baada ya wiki hizo tatu, sirinji dakika kumi kila wiki inatosha, pamoja na kubadilisha asilimia 10 ya maji. Lenga nitrati iwe chini ya miligramu 20 kwa lita, fosfeti karibu 0.1 au chini. Usizikimbize hadi sifuri kabisa, matumbawe laini nayo yanakula. Umeme ukikatika, jua kwamba uchafu wote uliokuwa ukielea unatua juu ya mawe, hivyo pampu zikirudi puliza kidogo siku hiyo hiyo. Na uwe na pampu ndogo ya hewa ya betri, kwa sababu kukatika kwa saa nyingi kunaua kwa kukosa oksijeni kabla hata hujafikiria vumbi.

Watu watakuambia uweke wanyama wa kusafisha. Konokono na kaa wadogo wanaoishi kwenye maganda ya konokono wanafaa, na viti vya pweza, yaani nyota za bahari, wenye mikono myembamba wanaojificha chini ya mawe mchana ni wazuri kuliko wote, wanaingia kwenye nyufa ambazo sirinji haifiki. Ila elewa wanachofanya. Wanakula mabaki na kutoa kinyesi kidogo zaidi. Uchafu bado umo tangini, umesagwa tu, na kuutoa ni kazi yako. Jongoo bahari simshauri kwa lita 300. Anasafisha mchanga vizuri sana, lakini akiumia au akifa anaweza kutoa sumu inayomaliza samaki wote, na mdomo wa pampu ni mahali anapopenda kunasa. Tena uvunaji wake unabanwa na sheria, na ni haki, kwa jinsi alivyokwisha kwenye pwani hii.

Na mawe ya Msimbati, hapana. Msimbati iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya 1994, ikiwa na eneo la karibu kilomita za mraba 650 za bahari, visiwa, mikoko na vijiji. Kuchukua jiwe humo si suala la kumwomba mvuvi akuletee moja akirudi. Na hata nje ya hifadhi ningekukataza. Matumbawe ya Mikindani yamechimbwa miaka mingi kuchomwa chokaa, ya kwingine yakapigwa baruti, na joto la bahari la mwaka 1998 likapausha na kuua mengi kote upande huu wa Bahari ya Hindi. Kila jiwe lililobaki pale lina mabuu yanayolihitaji kuliko sebule yetu yoyote, yako au yangu.

Ila huhitaji jiwe la baharini. Nyumba za zamani za Mikindani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe ya kale, na mafundi wa ujenzi wanajua yanakopatikana yaliyochimbwa nchi kavu kihalali. Chagua jepesi lenye matundu mengi, lisilo na mishipa ya udongo mwekundu, na lisiwe limetoka kwenye ukuta uliopakwa rangi au saruji. Hilo ndilo jiwe ambalo brashi, maji ya bomba na jua la fundi wako vinalifaa, kwa sababu halina uhai wa kupoteza. Lisugue hadi maji yatoke meupe, lianike, kisha liloweke kwenye pipa la maji ya bahari lenye pampu kwa wiki nne au zaidi, ukibadilisha maji kila wiki na kupima fosfeti. Kipimo kikishatulia karibu na sifuri wiki mbili mfululizo, liingize tangini, moja kwa wakati, liguse jiwe lako la zamani. Bakteria watahamia wenyewe, na baada ya miezi utaanza kuona madoa ya waridi.